Katharine Cook, mkunga wa Namirembe aliyewafuata wajawazito vijijini

SERIKALI ya Kenya ilipoanza kutekeleza kafyu tarehe 27 Machi 2020, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, uchungu wa uzazi haukubadilisha saa zake. Mjamzito wa Majengo, iwe Majengo ya Meru au ile ya Embu, aliposhikwa usiku alikuwa na mambo mawili ya kupima kwa pamoja. La kwanza ni usafiri, kwa kuwa matatu na bodaboda hazikuruhusiwa barabarani saa hizo. La pili ni hospitali yenyewe, mahali ambapo kila redio ilisema wagonjwa wa korona walikuwa wakipelekwa.

Jijini Nairobi, daktari kijana, Jemimah Kariuki, alianzisha mpango wa kuwasafirisha bila malipo wajawazito waliokwama usiku. Nchini Uganda hali ilikuwa nzito zaidi. Magari ya abiria na ya watu binafsi yalipigwa marufuku mwishoni mwa Machi, na mjamzito akatakiwa kupata kibali cha mwakilishi wa Rais wilayani kabla ya kupanda gari kwenda kujifungua. Mwezi Aprili Rais Yoweri Museveni aliondoa sharti hilo kwa wajawazito, baada ya malalamiko kuenea kwamba wapo waliojifungulia njiani na waliofia njiani.

Wengi waliandika wakati huo kana kwamba jambo hilo lilikuwa jipya. Halikuwa jipya. Katika jiji hilohilo la Kampala, juu ya kilima cha Namirembe, karne moja kabla ya korona, aliishi muuguzi wa Kiingereza ambaye maisha yake yote ya kazi yalipitia maradhi ya mkurupuko, moja baada ya jingine. Muuguzi huyo alichukua miaka mingi kutambua kwamba mwanamke anayekataa kuja hospitali kwa kawaida ana sababu zake. Jina lake lilikuwa Katharine Cook.

Alizaliwa Uingereza katika miaka ya 1860 akiitwa Katharine Timpson, akasomea uuguzi huko. Kizazi chake cha wauguzi kilikuwa cha kwanza kufunzwa tangu mwanzo kwamba mikono michafu huua. Somo hilo lilikuwa limelipiwa na wazazi wa Vienna. Mwaka 1847, katika hospitali kuu ya mji huo, daktari Ignaz Semmelweis aligundua kwamba homa ya uzazi iliyokuwa ikiwamaliza wanawake ililetwa na mikono ya madaktari na wanafunzi waliotoka kupasua maiti na kuingia moja kwa moja wodini. Wanawake wa Vienna walikuwa wamekwisha kulitambua jambo hilo kabla ya Semmelweis, bila darubini. Walijua ni wodi gani kati ya mbili ilikuwa na vifo vingi, wakawa wanalia na kuomba wasipelekwe huko, na wengine wakaona heri wajifungulie barabarani. Daktari alichelewa kuyafikia yale ambayo mjamzito alikuwa anayajua.

Mwishoni mwa mwaka 1896 Katharine alikuwa katika kundi la wamisionari wa Kianglikana lililotoka Mombasa kwenda Buganda. Reli ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kujengwa, na isingefika Kisumu hadi 1901. Basi msafara ulikwenda kwa miguu, pamoja na wapagazi, ukipita Ukambani na Kikuyu, kusini mwa Mlima Kenya, kisha Bonde la Ufa na Busoga, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Wakati ule serikali ya kikoloni haikuwa na boma Embu wala Meru. Maboma hayo yangefunguliwa 1906 na 1908. Katika kundi hilo alikuwamo pia daktari wa miaka 26 aliyesoma Cambridge na London, Albert Ruskin Cook. Walifika Mengo mwezi Februari 1897. Baada ya siku chache tu, zahanati ikawa imefunguliwa.

Hospitali ya kwanza ilikuwa ya matete na nyasi. Albert alikuwa daktari, Katharine matroni. Mwaka uleule Kabaka Mwanga aliasi utawala wa Waingereza, askari wa Kinubi nao wakaasi, na majeruhi wa vita wakajaa katika nyumba hiyo ya nyasi. Mwaka 1899 ndugu yake Albert, Jack Cook, daktari pia, alijiunga nao. Mwaka 1900 Albert na Katharine walifunga ndoa. Hospitali kubwa zaidi iliyojengwa mwaka huo iliteketea kwa radi mwaka 1902, na nyingine ya matofali ikafunguliwa 1904. Katharine alibaki matroni kwa zaidi ya miaka kumi.

Ni rahisi kumwandika muuguzi huyu kama mtu aliyefika mahali palipokuwa hapana elimu ya uzazi. Si kweli. Mwaka 1879, karibu miaka 20 kabla ya msafara wake, msafiri na tabibu wa Kiingereza, Robert Felkin, alishuhudia huko Bunyoro mganga akimpasua mwanamke aliyeshindwa kujifungua. Mganga alimpa mama pombe ya ndizi apoteze fahamu, akaitumia pombe hiyohiyo kunawia mikono yake na kulisafisha tumbo la mama, akapasua kwa ustadi, akachoma kwa chuma cha moto sehemu zilizovuja damu, kisha akalifunga jeraha kwa vijiti vya chuma na nyuzi za gome la mti na kulipaka dawa ya mizizi. Felkin alipoondoka siku 11 baadaye, mama na mtoto walikuwa hai. Huko Ulaya, wakati huohuo, upasuaji wa namna hiyo ulikuwa bado unawaua wazazi wengi.

Katika Buganda yenyewe ujauzito ulikuwa na walinzi wake. Ssenga, yaani shangazi wa upande wa baba, alimfunda binti mambo ya ndoa na ya uzazi. Mjamzito alitumia emmumbwa, udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mitishamba na kukaushwa, akiuyeyusha katika maji na kunywa. Kuzalisha kulikuwa kazi ya wanawake wazima waliokwisha kuzaa wenyewe. Na lilikuwako tishio lenye jina: amakiro, maradhi ya mzazi aliyepotewa na akili au kuzidiwa baada ya kujifungua. Amakiro yalisemekana kuletwa na uzinzi, wa mke au wa mume, wakati wa ujauzito. Kwa hiyo mwanamke aliyeugua baada ya kuzaa alikuwa mgonjwa na mshitakiwa kwa wakati mmoja. Jambo hili inafaa msomaji alikumbuke, kwa sababu hospitali nayo ilikuja kumtendea vivyo hivyo.

Katika miaka hiyo ya mwanzo mjamzito hakuja Mengo kwa hiari. Aliyeletwa ni yule aliyeshindikana nyumbani, aliyekaa na uchungu siku mbili au tatu, na mara nyingi mtoto alikuwa amekwisha kufa tumboni. Wauguzi wangeweza kuuita huko ujinga. Lakini kwa mtu aliyekuwa akitazama kutoka nje, hesabu ilikuwa wazi: wanaopelekwa kule juu kilimani ni wale wanaokufa.

Kisha yakaja malale. Mwezi Februari 1901 ndugu wawili wa Cook waliwaona Mengo wagonjwa wa kwanza wa ugonjwa ambao hawakuwa wameutarajia sehemu hizo: watu waliosinzia mchana, wakakonda, wakapoteza fahamu, wakafa. Katika miaka michache ukanda wa Ziwa Victoria, kuanzia Busoga hadi visiwa vya Ssese, ulifagiwa. Waliokufa Uganda kati ya 1900 na 1920 wanakadiriwa kuwa zaidi ya robo milioni. Aldo Castellani alikiona kijidudu cha ugonjwa huo katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, na mwaka 1903 David Bruce na wenzake walithibitisha kwamba msambazaji alikuwa mbung'o. Dawa haikuwako. Kuanzia mwaka 1906 Gavana Hesketh Bell aliamuru watu wahamishwe kutoka ufukweni, na visiwa vilivyokuwa na watu tele vikabaki msitu na ndege.

Amri hizo zilisaidia kupunguza maambukizi. Lakini kwa wanawake zilikuwa na maana nyingine: kuacha shamba la migomba, kuacha makaburi, na kuacha majirani ambao ndio waliokuwa wakunga wao. Uhamisho wa namna hiyo humtenga mama na mikono anayoijua wakati anapoihitaji kuliko wakati wowote. Kafyu ya 2020 ilifanya hivyo kwa usiku mmoja mmoja. Hamahama ya ziwani iliwafanyia wengine kwa maisha yao yote.

Pigo lililomgusa Katharine Cook zaidi, na lililoiamua kazi yake, halikuwa malale. Lilikuwa kaswende, au kwa usahihi zaidi, lilikuwa kile ambacho madaktari wa wakati huo walikiita kaswende.

Mwaka 1907 daktari wa jeshi la Uingereza, Kanali Lambkin, alitumwa Uganda kuchunguza maradhi ya zinaa. Mwaka uliofuata alitangaza kwamba sehemu kubwa ya Buganda ilikuwa imeambukizwa, akataja asilimia 80, na kwamba watoto zaidi ya nusu walikufa wachanga kwa sababu hiyo. Akalaumu, pamoja na mengine, Ukristo na uhuru mpya wa wanawake, kwamba wametoka katika ulinzi wa mabwana zao. Albert Cook, aliyekuwa akiwaona kila siku wanawake wenye historia ya kuharibikiwa mimba mara tatu au nne, alikubaliana na kiini cha habari hiyo. Serikali ikaogopa kwamba taifa zima linakwisha. Machifu wakapewa kazi ya kuwakusanya watu wakaguliwe na kutibiwa, na mwaka 1913 hospitali ya Mulago ilianzishwa hasa kwa ajili ya maradhi ya zinaa.

Leo inafahamika kwamba hesabu ile haikuwa na msingi. Wataalamu waliopitia upya kumbukumbu hizo katikati ya karne ya 20 walionyesha kwamba sehemu kubwa ya kilichoonekana kuwa kaswende ya zinaa ilikuwa buba, pamoja na aina ya kaswende inayoenea utotoni kwa kugusana ngozi na kutumia vyombo pamoja, bila tendo la ndoa kuhusika. Kwa macho vidonda vinafanana, na kipimo cha damu kisingeweza kuvitofautisha. Watoto waliougua buba walikua wakawa watu wazima wenye makovu, na makovu hayo yakasomwa kama ushahidi wa mienendo yao. Kaswende ya kweli ilikuwako, na iliua watoto tumboni. Lakini haikuwa ile bahari iliyochorwa kwenye ripoti.

Hebu afikiriwe mjamzito wa Buganda ya mwaka 1912. Anaitwa na chifu akakaguliwe na wageni. Anaambiwa kwamba watoto wake waliokufa walikufa kwa sababu ya uasherati wake au wa mumewe. Dawa anayopewa ni ya zebaki, na baadaye ya aseniki, zenye maumivu na hatari zake. Kwake mafundisho haya si mageni hata kidogo. Ni amakiro yaleyale kwa lugha ya Kizungu: umeugua, basi umezini. Tofauti ni kwamba amakiro yaliponywa na watu wa nyumbani kwa siri ya ukoo, na haya ya pili yalitangazwa barazani. Anayeshangaa kwa nini wanawake walijificha hajajiweka mahali pao.

Katharine Cook hakuwa mpinzani wa kampeni hiyo. Ni lazima hili lisemwe, kwa kuwa wasifu nyingi za wamisionari hupenda kulipita kwa haraka. Aliamini kwamba tatizo lilikuwa maadili, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 alikuwa mstari wa mbele katika harakati za kuhimiza usafi wa mienendo miongoni mwa Waganda. Alishiriki kosa la wakati wake. Hata hivyo, kutokana na kosa hilo alifanya jambo lililodumu kuliko kosa lenyewe.

Vita Kuu ya Kwanza ilipofika Afrika Mashariki, Mengo iligeuzwa kuwa hospitali ya majeruhi na wapagazi wa kijeshi. Kwa utumishi wake wa wakati huo Katharine alitunukiwa nishani ya MBE mwaka 1918. Mwaka huo ndio ule ambao homa ya Kihispania, iliyoua mamilioni ya watu duniani, iliingia kupitia bandari na kupanda na reli hadi bara. Wapagazi waliorudi kutoka vitani waliibeba hadi vijijini. Homa hiyo ilikuwa na tabia ya kuwachukua vijana na watu wazima wenye nguvu, na kila mahali ilipopimwa duniani wajawazito walikuwa miongoni mwa walioumia zaidi.

Katika mwaka huo wa vita, njaa na homa, ndipo Katharine Cook alipoanza shule ya kuwafunza wasichana wa Kiafrika ukunga. Wazo lilikuwa jepesi kulieleza na gumu kulitenda. Daktari wa kigeni hangeweza kumfikia kila mzazi wa Buganda, na kama angefika, wengi wasingemtaka. Anayeweza kuingia ndani ya nyumba, akakaa usiku kucha, akazungumza Kiganda cha kweli na kumtambua mama mkwe kwa jina, ni mwanamke wa hapo hapo. Basi afunzwe huyo. Afunzwe kunawa mikono, kupima ujauzito kabla ya siku zake, kukitambua kiungo cha mtoto kinachotangulia, kukata kitovu kwa chombo safi, na zaidi ya yote, kujua ni wakati gani jambo limemshinda na inabidi mgonjwa apelekwe Mengo mapema, si siku ya tatu.

Serikali ya kikoloni iliunga mkono shule hiyo, tena kwa sababu ileile ya hofu ya kaswende na ya kupungua kwa watu. Mwaka 1921 ilifunguliwa rasmi kwa jina la Lady Coryndon, mke wa Gavana Robert Coryndon. Msomaji wa Kenya analijua jina hilo kwa njia nyingine: Coryndon alihamishiwa Nairobi kuwa Gavana wa Kenya, akafa mwaka 1925, na jumba la makumbusho lililoitwa kwa jina lake ndilo leo Makumbusho ya Taifa ya Nairobi.

Upinzani wa kwanza ulitoka kwa wazazi wa wasichana. Ilikuwa jambo la kuchukiza kwa wengi kwamba binti asiyeolewa ayaone ya uzazi, sembuse kuyashika kwa mikono. Upinzani wa pili ulitoka kwa baadhi ya Wazungu, ambao hawakuamini kwamba mwanamke wa Kiafrika anaweza kuachiwa peke yake kituo kijijini, mbali na daktari. Kwa wazazi, Katharine alijibu kwa nidhamu kali iliyofanana na ya shule za bweni za misheni, na hapo ndipo ile imani yake ya usafi wa mienendo ilipokuwa mzigo kwa wanafunzi wake, kwa maana mkunga alipimwa kwa tabia kama alivyopimwa kwa ujuzi. Kwa Wazungu, alijibu kwa kuwatuma wanafunzi wake na kuacha kazi yao ionekane.

Alifanya jambo jingine ambalo halina fahari lakini lina uzito. Pamoja na mumewe aliandaa kitabu cha ukunga kwa Kiganda. Wakati ambapo elimu ya tiba ilifikiriwa kuwa haiwezi kusemwa kwa lugha ya Kiafrika, maneno ya mlango wa uzazi, kondo la nyuma na homa ya uzazi yaliandikwa kwa lugha ambayo mjamzito mwenyewe aliielewa. Mkunga aliyefunzwa kwa Kiganda hakuhitaji kufasiri anapomweleza mama; aliongea tu.

Katika miaka ya 1920 vituo vya uzazi vya vijijini vilianza kuenea Buganda na kwingineko nchini Uganda, kila kimoja kikiwa na mkunga aliyetoka Namirembe. Katharine, aliyekuwa sasa mwanamke wa umri wa kustaafu, aliwasimamia wakunga hao na kuzunguka kukagua vituo. Ukaguzi huo ulikuwa tofauti na ule wa machifu. Hakukaguliwa mwanamke, ilikaguliwa huduma: beseni, maji, daftari, mikono.

Mabadiliko yakaonekana katika namna wanawake walivyokuja. Mama aliyejifungua salama kituoni alimleta mdogo wake. Mjamzito akaanza kuja kabla ya uchungu, kupimwa tu, jambo ambalo miaka 20 nyuma lingeonekana la ajabu. Hata jumba la kifalme halikubaki nje. Novemba 1924 mtoto aliyekuja kuwa Kabaka Mutesa wa Pili, na baadaye Rais wa kwanza wa Uganda huru, alizaliwa katika nyumba ya Albert Cook huko Makindye. Kwa mama wa kijijini, habari kwamba mke wa Kabaka Daudi Chwa ameamini mikono hiyo ilikuwa na nguvu kuliko amri ya chifu yeyote.

Upande wa pili wa mpaka, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, mambo yalikuwa yakianza. Mwaka 1922 misheni ya Waskoti ilifungua kituo Chogoria chini ya Dkt. Clive Irvine, na hospitali ikakua hapo hadi ikawa tegemeo la watu wa Meru na Embu. Huko nako imani ya wanawake haikuja kwa amri. Mwaka 1929, misheni ilipowataka waumini watie saini ya kuukataa ukeketaji, wengi waliihama, na ilichukua muda mrefu kurudisha uhusiano. Madhara ya ukeketaji kwa uzazi yalikuwa ya kweli. Lakini wanawake walichosikia hakikuwa ushauri wa mkunga. Kilikuwa sharti la kanisa, na walilijibu kama sharti.

Mwaka 1931 Katharine Cook alianzisha Mengo mafunzo ya wauguzi. Mwaka uliofuata mumewe alitunukiwa hadhi ya Sir, naye akawa Lady Cook, jina ambalo ndilo linalotumika zaidi Uganda hadi leo. Albert alistaafu kazi ya hospitali mwaka 1934, na wote wawili wakabaki Kampala. Uingereza ilikuwa imekwisha kuwa mahali pa kutembelea tu. Katharine alifariki mwaka 1938, baada ya miaka 41 Uganda, akazikwa Namirembe, jirani na kanisa kuu. Albert alimfuata mwaka 1951.

Penisilini ilipofika Uganda baada ya Vita Kuu ya Pili, sindano chache zilitosha kufanya kile ambacho miaka 40 ya kukagua watu barazani haikuweza. Buba ilitoweka karibu yote, na kaswende ikawa ugonjwa wa kawaida unaopimwa kliniki. Kampeni iliyozaa shule ya ukunga ilisahaulika. Shule ikabaki, na wakunga waliotoka humo wakawafunza wengine, na hao wengine wengine tena.

Familia ya Cook iliacha kitu kingine cha thamani. Tangu 1897 Albert alisisitiza kwamba kila mgonjwa aliyelazwa Mengo aandikwe: alitoka wapi, ameugua nini, amezaa mara ngapi, wangapi wako hai. Rekodi hizo, katika majalada mazito, zimehifadhiwa Makerere, katika maktaba ya tiba yenye jina la Albert Cook. Watafiti wa leo huzitumia kuhesabu vifo vya watoto na kuchunguza upya lile suala la kaswende.

Zinasomeka kwa namna nyingine pia. Mwanamke wa 1905 aliyeletwa amebebwa siku ya tatu ya uchungu ana sentensi mbili au tatu, na mara nyingi ya mwisho ni ya kifo. Kadiri miaka inavyosonga kuelekea 1930, wanazidi kuonekana wanawake waliofika kwa miguu yao, mapema, wakitumwa na mkunga wa kituo fulani cha kijijini aliyeona jambo limemzidi.